Mabano Hamsini na Moja

Umeme ulipokatika saa saba na dakika ishirini mchana, Darubini hakushtuka. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kutoka kidogo kama mtu anayekwenda uani, halafu unarudi. Isitoshe, kazi alikuwa ameisevu. Asubuhi Mhandisi, mteja mwenye makala, alimsimamia kidole juu, akamwambia, "Ukigusa kitu, sevu. Ukipumua, sevu." Basi yeye aligusa, akasevu, akapumua, akasevu.

Kompyuta ilipowaka tena, akafungua makala kutoka kwenye flashi ya Mhandisi ili aendelee pale alipoachia. Akashusha macho ukurasa wa pili. Mwisho wa sentensi palikuwa na mabano ya mraba, na ndani ya mabano namba 34. Sentensi iliyofuata, 34. Aya ya chini yake, 34 mara tatu. Akaenda ukurasa wa tano. 34. Akaenda wa nane. 34.

Kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo.

Duka lile lilikuwa la mama yake mdogo: chumba kimoja kirefu chenye mashine ya fotokopi mlangoni, kaunta ya mbao katikati, na nyuma kabisa, chini ya feni isiyozunguka vizuri, meza ya kompyuta. Miaka miwili Darubini alisimama kwenye fotokopi akiwa na elimu yake ya darasa la saba, akitazama kwa pembeni kila aliyekalia kiti cha kompyuta. Hakuuliza sana. Alitazama tu, siku baada ya siku, mpaka mchapaji wa mwisho alipoacha kazi ghafla na mama mdogo akakuta mpwa wake anaweza kupanga pambizo, majedwali na yaliyomo bila kufundishwa na mtu. Wateja ndio waliompa jina la Darubini, kwa sababu aliona nukta iliyokosekana kwenye ukurasa wa lugha asiyoijua. Makala za wahadhiri zilikuwa za lugha ya kigeni, na yeye aliielewa kidogo sana. Ila maumbo aliyajua. Alijua koma inakaa wapi, namba ya toleo inakolezwa wino wapi, na jina la jarida linawekwa herufi za kulala wapi.

Kwenye droo ya kaunta kulikuwa na barua ya binti mmoja mwenye cheti cha kompyuta, anaomba kazi. Mama mdogo hakuificha. Asubuhi ile aliitoa, akajipepea nayo.

"Mwanangu, kazi ya Mhandisi ikienda vizuri, kiti ni chako na hii barua naifungia maandazi. Ikienda vibaya, unarudi kwenye fotokopi. Sikuonei. Mimi nina duka, sina shule ya majaribio."

Na kazi yenyewe ilikuwa na saa. Makala ilihusu kuchuja maji kwa matofali yaliyopondwa. Jarida lilikwishairudisha mara mbili, na safari hii mhariri aliandika kwamba hatarudisha tena. Marejeo yafuate mtindo wa jarida, namba zifuate alfabeti ya majina ya waandishi, kila rejea iliyo kwenye orodha ionekane ndani ya makala, na vyote vifike kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo. Laptopu ya Mhandisi ilikuwa imekufa kioo. Angerudi saa tisa kuikagua kazi na kuituma kutoka hapo hapo dukani.

Darubini alikuwa amebakiza jambo moja tu, dogo la kuchekesha. Mhariri alitaka rejea moja mpya iongezwe, na nafasi yake ilikuwa ya saba. Kwa hiyo ya saba ya zamani iwe ya nane, ya nane iwe ya tisa, hivyo hivyo mpaka ya thelathini na tatu iwe ya thelathini na nne. Orodha ya mwishoni mwa makala ilijipanga yenyewe. Ndani ya makala ndiko alikotakiwa kubadilisha kwa mkono wa mashine: tafuta saba, weka nane, badilisha zote. Sevu. Tafuta nane, weka tisa, badilisha zote. Sevu.

Sasa, akiwa ameduwaa mbele ya skrini, aliona alichokifanya. Ni kama watu wamekaa kwenye benchi na unaambiwa uwasogeze nafasi moja ili mgeni apate pa kukaa. Mtu mwenye akili anaanza na wa mwisho. Yeye alianza na wa saba, akampakatisha kwa wa nane. Akamsogeza wa nane na mzigo wake, akawapakatisha wote wawili kwa wa tisa. Mpaka mwisho wa benchi, watu wote wamerundikana mapajani mwa wa thelathini na nne, na nani alikuwa nani hajulikani.

Akabonyeza kurudi nyuma. Mashine haikurudi popote, maana umeme ulipokatika ilisahau yote iliyokuwa ikikumbuka. Akahesabu mabano yenye 34. Yalikuwa hamsini na moja.

"Vipi huko?" mama mdogo aliuliza kutoka kaunta, bila kugeuka.

"Namalizia."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Akabaki amelishika kama sufuria ya moto isiyo na pa kuiweka.

Nakala nyingine haikuwepo. Mama mdogo alikuwa na sheria yake, kwamba kazi ya mteja haikai kwenye mashine ya duka, kwa kuwa zamani tasnifu ya mwanafunzi mmoja ilionekana kwa mwanafunzi mwingine, na wazazi wa pande zote mbili wakaja pale mlangoni kuvuana nguo. Kila kazi ilifanywa ndani ya flashi ya mwenyewe na kuondoka nayo. Kwenye karatasi, je? Akakumbuka. Jana walichapa kurasa tisa, Mhandisi akazipitia kwa kalamu nyekundu, Darubini akaingiza masahihisho yote, halafu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akamwambia mama mdogo, "Hiyo imeisha."

Na karatasi iliyoisha mikononi mwa mama mdogo, mwanamke mwenye mkono wa birika, haikutupwa. Aliikata vipande vinne kwa mkasi, akavitia kwenye bati la kaunta. Nyuma ya kila kipande, palipo peupe, aliandika kazi ya mteja: picha nne, nakala kumi, jalada moja. Mteja aliondoka nacho, akirudi kuchukua kazi yake anakirudisha, nacho kinachomwa kwenye msumari wa kaunta.

Darubini akanyanyuka taratibu, asije akaonekana ana haraka.

"Mama mdogo, nipe bati la vipande. Na vya kwenye msumari."

"Vya nini?"

"Nahakiki."

Mama mdogo akamtazama juu ya miwani. "Unahakiki takataka?"

"Nahakiki namba. Naomba tu."

Kwenye bati vilibaki vipande kumi na tano vya makala ile. Kwenye msumari vilikuwa kumi na tisa, kila kimoja na tundu katikati. Thelathini na nne. Ni kana kwamba namba ile imeamua kumfuata popote. Kurasa tisa mara nne ni thelathini na sita. Viwili havipo.

Akavitandaza mezani upande wenye maandishi. Hakuwa anasoma. Alikuwa anatazama herufi kubwa iliyoanza aya, alama nyekundu iliyokatwa na mkasi ikaendelea kwenye kipande cha pili, mstari uliopinda kwa sababu printa ilivuta karatasi vibaya. Kipande na mwenzake, kipande na mwenzake. Saa nane kasoro dakika tano kurasa saba zilikuwa zimekamilika. Ukurasa wa nne ulikosa pembe ya juu, wa sita ulikosa pembe ya chini.

"Mama mdogo, jana na leo nani wameondoka na vipande hawajarudi?"

"Fundi wa hapo jirani, lebo zake. Na mama mmoja wa picha za pasipoti, alisema atapita jioni akitoka kazini. Kwa nini?"

"Ana simu?"

"Mimi nipige picha za watu niwaulize na simu? Darubini, nitazame. Kuna nini?"

"Hakuna."

Uongo wa pili huo. Akatoka.

Fundi cherehani alikuwa amejiinamia kwenye mashine yake, mita ya kupimia shingoni, anashona koti jeusi. Alimwona akacheka.

"Dada Darubini. Leo umekuja kuhesabu mishono yangu?"

"Kaka fundi, jana mama mdogo alikupa kikaratasi. Kiko wapi?"

"Kikaratasi chenu kina thamani gani? Lebo nitachukua, usiogope."

"Sitaki lebo. Nataka kikaratasi."

Fundi akaelekeza kwa kidevu chini. Kipande kilikuwa kimekunjwa mara nne na kushindiliwa chini ya mguu wa cherehani, mahali sakafu ilipobonyea.

"Nikikitoa sasa mashine itacheza, na hili koti ni la bwana anayekwenda kwenye usaili kesho. Atakaa mbele ya wakubwa bega moja juu, moja chini, waseme huyu ana kiburi. Subiri nimalize bega."

Darubini akasubiri. Alijikaza kisabuni, akasimama, macho kwenye saa ya ukutani iliyokwenda polepole kuliko sindano. Fundi alishona, akakagua, akafumua mishono miwili, akashona tena. Ndipo akainua mguu wa mashine kwa goti, akamrushia kile kipande kikiwa cheusi kwa mafuta.

"Mna siri gani humo?"

"Namba."

"Basi ukishinda bahati nasibu usinisahau."

Mafuta yalikuwa yamepenya, lakini namba tatu zilisomeka: kumi na moja, kumi na nne, kumi na moja tena. Akarudi akikimbia hatua fupi fupi.

Sasa kazi ikawa ya kusogeza watu benchini mmoja mmoja. Anatazama kipande, namba ni tisa. Anaongeza moja, anaandika kumi kwenye skrini. Anatia alama ya penseli kwenye kipande. Kingine. Mara moja aliandika ishirini na tano badala ya ishirini na nne, akasimama, akaikalia mikono yake kidogo, akaanza tena ukurasa ule tangu juu. Mabano hamsini yakarudi kwa wenyewe. Akaiingiza na ile mpya, ya saba, kwenye sentensi aliyoelekezwa. Saa tisa kasoro dakika kumi lilibaki bano moja, kwenye pembe iliyokosekana ya ukurasa wa sita.

Akachukua karatasi, akaandika moja mpaka thelathini na nne, akafuta kila namba iliyoonekana ndani ya makala. Kama ingebaki moja tu, basi ndiyo hiyo. Zilibaki mbili: kumi na tisa, na ishirini na saba.

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake. Haijulikani tangu lini.

"Zote zilipotea?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Darubini akaitikia kwa kichwa.

"Na umezirudisha kwa vipande vyangu."

"Zote isipokuwa hii. Ni kumi na tisa au ishirini na saba, sijui."

Mama mdogo akatazama mlango, akatazama saa. "Weka zote mbili humo ndani. Nimeona wanaweka mbili mbili. Nani atajua?"

Darubini alikwishaliwaza hilo. Alikuwa ameshaweka hata kidole kwenye kibonyezo. Mhandisi angepitisha macho, angeona mabano yamejaa, angetuma. Kiti kingekuwa chake. Ila yeye ndiye angekikalia kila siku, akijua kuna bano moja mahali fulani duniani linasema uongo, na limechapwa.

"Mimi nitajua," alisema.

"Basi na kwenye fotokopi utajua vizuri zaidi," mama mdogo alijibu, lakini hakurudi kaunta. Alivuta kigoda akaketi.

Mhandisi aliingia saa tisa na dakika tano, shati limemganda mgongoni, bahasha kwapani.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Niambie tumemaliza, binti, moyo wangu upumzike."

Darubini akasimama. Alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia benchi mpaka cherehani. Hakujitetea kwa umeme. Alipofika kwenye bano la mwisho akalionyesha kwa kidole.

Mhandisi akavuta kiti, akakaa, akaanza kulinganisha vipande na skrini, ukurasa wa kwanza, wa pili. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa.

"Nilikuamini," alisema bila kumtazama.

"Najua."

"Miezi kumi na minne nimehangaika na matofali haya."

"Najua, mzee wangu."

Alipofika ukurasa wa sita akapunguza mwendo. Alisoma ile sentensi, akaisoma tena midomo ikicheza.

"Aya hii niliiandika juzi, mhariri alitaka. Haipo hata kwenye nakala ya zamani niliyolipelekea jarida." Akavuta orodha. "Nasema hapa chujio la tofali linaondoa uchafu tisa katika kumi kwa saa sita. Hiyo ni... ishirini na saba. Au kumi na tisa. Zote zinazungumzia hilo."

"Ipi imesema tisa?" Darubini aliuliza.

"Nadhani ishirini na saba."

"Umeisoma?"

Aliuliza kama anavyomuuliza mteja iwapo amesaini fomu. Mhandisi akageuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mama mdogo kwenye kigoda akakohoa kidogo, kikohozi cha kumkanya mtoto mbele ya wageni.

Mhandisi akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Niliikuta kwenye orodha ya mwenzangu," alisema. "Nikaichukua. Kumi na tisa ninayo kwenye simu."

Akaitafuta, kidole kikiteleza kwa jasho. Saa ikafika tisa na nusu. Akasoma, akapandisha, akashusha. Mwishowe akaweka simu mezani mbele ya Darubini, ingawa alijua hasomi lugha ile, akamwonyesha namba. Namba aliijua. Ilikuwa saba.

"Saba katika kumi," Mhandisi alisema. "Si tisa. Ningechapa tisa, na kuna watu wangepondaponda matofali wakanywa maji wakitegemea tisa." Akashika kichwa. "Weka kumi na tisa. Badilisha tisa iwe saba. Ishirini na saba itoe kwenye orodha, sina haki nayo."

Darubini akafanya. Halafu mikono ikasimama hewani. Orodha ilikuwa imejipanga yenyewe na sasa ina thelathini na tatu. Ndani ya makala, ishirini na nane mpaka thelathini na nne zote zilitakiwa zishuke moja. Benchi lile lile. Saa tisa na dakika thelathini na nane.

"Anza na ya mwisho," Mhandisi alisema haraka. "Si ndivyo ulivyosema? Thelathini na nne kwanza."

Akataka kutii. Kidole kilishaanza kuandika. Akakivuta.

"Hapana, subiri."

"Hatuna muda wa kusubiri, binti."

Alifumba macho akaliona benchi. Mtu ameondoka katikati, pengo liko pale pale alipokuwa. Anayesogea kwanza ni aliye jirani na pengo, si wa mwisho. Wa mwisho akianza, anakwenda kukaa mapajani mwa mtu.

"Wakipanda unaanza na wa juu," alisema. "Wakishuka unaanza na wa chini. Na kabla ya hapo naomba ruhusa ya mama mdogo."

"Ruhusa ya nini tena?" mama mdogo aliuliza.

"Kuweka nakala kwenye mashine yetu. Moja tu. Tukimaliza naifuta mbele ya Mhandisi."

Mama mdogo akatazama dari, kama anayeiaga sheria yake. "Weka."

Akaweka. Ishirini na nane ikawa ishirini na saba. Akatazama, akahesabu. Ishirini na tisa ikawa ishirini na nane. Akatazama, akahesabu. Mhandisi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na kila hatua alikuwa anasoma namba kwa sauti, kama mtu anayeita mahudhurio. Ilipofika thelathini na tatu, wote watatu wakahesabu tena tangu juu. Hakuna namba iliyoipakata nyingine.

Ukurasa wa jarida ulifunguka kwa kusuasua. Mstari wa kupakia ukaenda nusu, ukasimama, ukakaa hapo muda ambao Darubini alihesabu pumzi ishirini. Mhandisi aliacha kutazama, akageukia ukuta. Saa kumi kasoro dakika tatu mstari ukajaa. Likatokea neno moja ambalo Darubini alilijua kwa umbo: imepokelewa.

Mhandisi akachomoa flashi yake, akaisugua kwenye kiganja kama anaipasha joto. Darubini akaifuta ile nakala, akamwonyesha pipa la mashine likiwa tupu.

"Kupokelewa si kukubaliwa," Mhandisi alisema mlangoni. "Wakiniuliza kitu, narudi hapa. Na nitataka akae huyu huyu." Akaondoka bila kuaga vizuri, anatembea kama mtu aliyeshuka kitandani baada ya homa.

Mama mdogo akakusanya vile vipande mezani, akavigonga vikawa sawa, akavirudisha kwenye bati. Akafungua droo, akaitazama barua ya yule binti, akaitia mkasi. Vipande vinne.

"Nyuma yake peupe," alisema. "Ila kuanzia leo, kitu hakikatwi mpaka mwenyewe aje achukue kazi yake. Na wewe usiniambie tena 'hakuna' wakati kipo. Nilikuona jasho tangu saa saba."

Darubini alikuwa bado anahesabu mabano kichwani, kuanzia juu, halafu kuanzia chini.

Saa kumi na dakika kumi akaingia mama mmoja mwenye mkoba wa kazini, akaweka kikaratasi kwenye kaunta. "Picha zangu nne za pasipoti."

Mama mdogo akainamia bahasha za picha. Darubini akakichukua kile kikaratasi, akakigeuza. Ilikuwa pembe ya chini ya ukurasa wa sita, safi, haina hata kunyanzi, na mwisho wa sentensi palikuwa na mabano yenye ishirini na sita. Akaongeza moja. Ishirini na saba. Ile iliyotolewa. Kingefika mapema, tisa ingebaki tisa.

Akakishika muda kidogo. Halafu akakichoma kwenye msumari, akarudi kuzima feni, maana ilikuwa inapiga kelele bure.